Ukimaliza Radiohead, vuka Tunduma

Mbeya

Kwako Tumaini,

Salamu nyingi kutoka huku Uyole. Sisi wazima, ila baridi ya Juni imeshaingia na asubuhi hutoki bila sweta. Iringa nako najua hali ni hiyohiyo.

Barua yako imenifurahisha sana, maana huku sina wa kuzungumza naye habari za roki. Unauliza usikilize nani baada ya Radiohead, wale Waingereza wa roki. Bendi nyingi zinazosifiwa kufanana nao zimechukua ile sauti ya majonzi ya mwimbaji wao, Thom Yorke, basi, wameishia hapo. Simu nayo ukiiachia ikuchagulie, bando linakwisha kwa nyimbo zisizotofautiana. Mimi hufuata watu: nani alimsikiliza nani, nani kapiga na nani.

Anza na jina la Radiohead lenyewe. Wamelitoa kwenye wimbo wa mwaka 1986 wa Talking Heads, bendi ya Marekani. Sasa nenda kwa hao Talking Heads, tafuta albamu ya Remain in Light ya 1980. Magitaa yanazunguka palepale na huchoki, na ukijiuliza mtindo huo umeusikia wapi, ni kwa Fela Kuti. Walikuwa wakimsikiliza Fela wa Lagos! Halafu wapo Pixies wa Boston, wanaoimba kwa upole kisha gitaa linalipuka. Kwa kazi za karibuni, usiwakose The Smile: ni Yorke na mpiga gitaa wa Radiohead, Jonny Greenwood, wenyewe, pamoja na Tom Skinner, mpiga dramu aliyelelewa na jazi. Albamu yao ya kwanza ni ya 2022.

Ila ninalotaka hasa kukuambia liko jirani. Kutoka hapa hadi Tunduma ni kama kilomita 100, na ng'ambo ya pale, miaka ya 1970, vijana wa Zambia walikuwa na roki yao, Zamrock. Wasikilize WITCH, bendi ya Emmanuel Chanda, maarufu kwa jina la Jagari. Kisha keti na bendi ya Amanaz. Albamu yao, Africa, ilitoka 1975, mwaka uleule reli ya TAZARA ilipomalizika kutandikwa. Vaa hedifoni usiku, wakishalala wote. Gitaa moja limetiwa fazi, ule mvumo wa umeme, hadi linakwaruza, jingine linapita taratibu, safi kabisa, na mwimbaji wala hapandishi sauti. Upweke ule unaoupenda kwa Radiohead umo humo, tena umepigwa na watu wa Zambia, miaka kumi na zaidi kabla Radiohead hawajatoa wimbo wowote. Mimi hunisimamisha nywele kila mara.

Inaniuma kwamba hatukukua tukiwasikia. Bei ya shaba ilianguka, uchumi wao ukayumba, halafu Ukimwi ukawaondoa wanamuziki wengi. Jagari alibaki, akaifufua WITCH na wenzake wapya, na mwaka 2023 wakatoa Zango. Nayo itafute, haina uzee hata kidogo.

Sasa nina ombi. Yule mjomba wako aliyefanya kazi Ndola, kule Zambia, ujana wake, ukimwona mpe shikamoo yangu, kisha umuulize kama aliwahi kuwaona WITCH au Amanaz jukwaani, na kama santuri zake bado anazo. Akisema anazo, nitapanda basi nije.

Msalimie Mama na wadogo zako wote.

Wako,
Atu