Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: upasuaji umekwisha, kazi ndiyo imeanza

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu,

Mwaka jana nilisimama hapa nikahesabu watoto viziwi waliowekewa kipandikizi cha koklea, yaani kifaa kinachowekwa kwa upasuaji kwenye koklea, sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, mkapiga makofi. Mwaka huu naanza na hesabu nyingine, niliyoonyeshwa kliniki mbele ya mama watoto wangu. Mashine ya nje, ile inayokaa nyuma ya sikio, huweka kumbukumbu ya muda inaovaliwa. Ya binti yetu ilikuwa ikivaliwa saa tatu kwa siku. Na mimi ndiye mwenyekiti, niliyekuwa nikiwahubiria wengine.

Sababu hazikukosekana. Akilala mchana tunaivua, akiamka tunasahau kumrudishia. Kichwa kikiegemea kiti, sumaku inayoishika mashine kichwani inabanduka. Bibi yake anaogopa kuigusa asije akaiharibu. Waya ulipokatika tulikaa siku kadhaa tukisubiri mwingine. Ukijumlisha visababu hivyo, mtoto anashinda kimya. Tusidanganyane: mashine ikivuliwa, mtoto ni kiziwi kama alivyokuwa siku ya kwanza. Kipandikizi hakiponyi sikio. Kinazipita seli zilizokufa na kupeleka umeme mdogo moja kwa moja kwenye neva ya usikivu, kwa elektrodi, yaani vincha vidogo vya kupitishia umeme, ambazo kwa kawaida ni kati ya 12 na 22. Koklea nzima ina seli za kusikia takriban 15,000. Pengo hilo hujazwa na ubongo, na ubongo hauwezi kujifunza sauti usiyoipata.

Ndiyo maana nguvu nyingi za chama mwaka huu tulizielekeza kwenye saa za kuvaa. Wazazi wakongwe waliwatembelea wapya nyumbani, wakawaonyesha namna ya kushikiza mashine kwenye nguo kwa kamba, kuikausha usiku, kukagua betri kabla ya chai. Zoezi lililopendwa zaidi ni la sauti sita alilotuachia Daniel Ling, mtaalamu wa kuwafundisha watoto viziwi kusema: m, uu, ii, aa, sh, s. Unaziba mdomo kwa karatasi ili mtoto asisome midomo, unatamka moja moja, naye anatumbukiza shanga kikombeni kila akisikia. Asubuhi moja binti yangu alitumbukiza tano, ya sita akabaki ameishika akinitazama. Alikuwa hasikii “s”. Kumbe kifuniko cha maikrofoni kilikuwa kimejaa vumbi. Bila zile shanga tungemgombeza wiki nzima kwamba hasikilizi.

Kuhusu umri, yale yale ya kila mwaka, ila nayarudia. Marekani iliidhinisha kipandikizi kwa watoto wa miaka 2 na zaidi mwaka 1990. Kufikia 2020 ruhusa ilishuka hadi miezi 9 kwa baadhi ya vifaa. Haikushuka bure. Ubongo wa mtoto aliyezaliwa kiziwi hupokea sauti vizuri zaidi katika miaka ya mwanzo, na lengo wanalolitaja wataalamu ni kupima masikio kabla ya mwezi 1, kuthibitisha kabla ya miezi 3, na kuanza msaada kabla ya miezi 6. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo hana hata nafasi hiyo ya kungoja, kwa kuwa koklea inaweza kuanza kugeuka mfupa ndani ya wiki chache na elektrodi zikakosa pa kupita. Ukisikia familia yenye mtoto aliyetoka kuugua homa hiyo, waambie wapime masikio mara moja. Usingoje kikao.

Kikao kilichowaka moto, mnakikumbuka, ni cha lugha ya ishara. Baadhi yenu mlisema mtoto akiishika mikono ataacha mdomo. Miaka michache iliyopita ningewaunga mkono. Leo siwaungi. Mashine huharibika, hulala, huvuliwa mtoto akioga, na wapo watoto ambao pamoja na juhudi zote usemi haukuja. Mgeni wetu kiziwi alituuliza kwa ishara: “Usiku taa ikiwa inawaka na mashine iko mezani, mwanao anakuambiaje kuwa tumbo linamuuma?” Ukumbi ulinyamaza. Darasa la ishara la Jumamosi litaendelea, na asiyetaka halazimishwi.

Tulipofeli ni shuleni. Tulikusudia kukutana na walimu wa watoto wetu wote, tukakutana na wachache. Mwalimu asiyeijua mashine huandika ubaoni huku akisema, mgongo umeelekea darasa, halafu mtoto anaitwa mzembe. Lawama hii ni ya kamati, nami nikiwa wa kwanza. Mahesabu atayasoma mweka hazina.

La mwisho, sanduku la waya za akiba liko kwa katibu. Anayechukua aandike jina na tarehe, na mpya ukifika arudishe wa akiba. Mara mbili mwaka huu tulilifungua tukakuta betri tupu na risiti.