Watoto wajue champali huenda wapi

Kwa Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa chekechea huku Kisauni. Muhula uliopita niliinua champali, yaani kandambili, mbele ya watoto wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, nikawauliza imetoka wapi. "Dukani!" Ikikatika itakwenda wapi? "Jaani!" Na baada ya jaani? Kimya. Kisha mmoja akasema, "Inakwisha, ticha."

Jibu hilo lilinikaa moyoni, maana hata sisi watu wazima twaishi hivyo hivyo.

Tulichimba shimo nyuma ya darasa, tukazika ganda la ndizi, kipande cha leso kuukuu ya pamba, na nusu ya champali ya buluu. Wiki ya kufunga shule tukafukua. Ganda halikuonekana. Leso ilikuwa imetoboka toboka, ukiigusa inachanika kama karatasi iliyoloa. Champali tuliisuuza kwa maji, na namba ya saizi ikasomeka vile vile. Yule aliyesema inakwisha aliishika muda mrefu, akaikunja, akainusa. "Ticha, haijaanza hata kuoza."

Wazee wetu walijua safari ya kitu bila silabasi. Leso hununuliwa Biashara Street ikavaliwa arusini. Ikichujuka huwa mbeleko, ikichakaa hushikiwa sufuria ya moto, mwisho hupigiwa deki. Mnazi nao hautupwi kitu: makumbi husokotwa kamba, kifuu huchongwa upawa, njiti hufungwa ufagio, makuti huezekwa. Mtoto anaviona vyote hivi kwa nyanyake, wala hakuna anayemwambia kuwa hilo nalo ni somo.

Niliwasimulia pia habari za Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyokuwa taka, likavishwa champali kuukuu zipatazo 30,000, na mwaka 2019 likasafiri kwa tanga hadi Unguja. Walitaka kujua kama halikuingia maji.

Wakuu wa shule nawaomba jambo. Kila tukifungua, mzazi hupewa orodha ya kununua: chati za kubandika, midoli ya plastiki. Midoli hiyo huvunjika kabla muhula haujaisha. Mwambieni mzazi alete kitu kimoja kilichochakaa nyumbani kwake, hakimgharimu hata shilingi. Na mwalimu aruhusiwe kuwatoa watoto nusu saa, wamwone fundi wa viatu akishona ukanda uliokatika, wamuulize mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu anaipeleka wapi sufuria iliyotoboka. Fundi wetu yuko hatua chache kutoka langoni, nami nimeshakataliwa mara mbili, eti watoto wakitoka hawasomi. Mtoto wa miaka mitano anasoma kwa mikono na pua kabla ya kusoma kwa kitabu.

Ile nusu ya champali tumeirudisha shimoni. Januari watoto hao wanaingia Gredi ya Kwanza, na wameniahidisha nisiifukue bila wao.

Mwalimu wa chekechea,
Kisauni, Mombasa