Barua kwa vijana wa baraza: kete zinatoka mkononi

Wanangu wa barazani, nanyi wengine wote mnaoketi na bao baina ya magoti tangu jua halijapanda,

Asalaam aleikum. Nilitaka kusema nanyi ana kwa ana, lakini Alhamisi iliyopita nilishikwa na hasira nikanyamaza, na maneno ya mtu aliyenyamaza kwa hasira humgandia kooni. Bora niyaandike.

Mwenzenu mmoja, jina lake nalisitiri, aliitwa kazi melini. Alipewa majuma matatu apeleke picha, karatasi ya daktari na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Cheti alikuwa nacho. Kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali. Kila asubuhi alipita hapa akielekea huko, na kila asubuhi akaketi acheze bao moja tu. La kwanza akifungwa, ataka la marudio. La marudio akishinda, lazima lichezwe la kukata shauri. Adhana ya adhuhuri humkuta bado ameinama. Basi kesho, inshallah. Ile Alhamisi alipoitoa bahasha, ilikuwa imelainika kwa jasho, imekunjika mara nne, na wino wa muhuri umepenya upande wa pili. Akaniambia, "Mzee, wamefunga orodha." Kisha akainama, akaanza kupanga kete.

Bao la Jumanne ya juma hilo alicheza na mimi. Niliiona ile bahasha ikichomoza mfukoni mwake. Sikumwuliza. Nilimwambia, "Anza wewe." Hilo ndilo linaloninyima usingizi, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Wapo watakaosema mabao yatupwe baharini. Mimi siwezi kusema hilo. Nimeshika kete tangu nina miaka tisa, na sasa nimepita sabini. Nimecheza dhumna, keram, drafti na karata za kila namna, lakini bao ndilo lililonilea. Mji huu wa Mombasa ndio wa mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, na bao limo katika mashairi yake. Barazani ndipo nilipojifunza kumsikiliza mkubwa, kuhesabu bila kalamu, na kufungwa bila kununa. Kosa letu, wanangu, ni kulicheza bao kutwa nzima bila kusikia linasema nini.

Hebu litazameni. Mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Komwe 64, ndizo kete zetu, kila mtu 32. Tunapoanza, sita zakaa nyumbani, ndilo shimo kuu la kila mchezaji, mbili mbili zakaa katika yale mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 zinabaki mkononi. Hapo tunanamua. Kila zamu yako inapofika unatia kete moja. Ukiwa na cha kula, kanuni inakulazimisha ule. Huna cha kula, utatakata, yaani utasambaza kete zako bila kula. Lakini mmeshawahi kumwona mchezaji wa bao akisema, "Zamu hii naipisha, nitacheza ijayo"? Hakuna. Kete itatoka tu, umefikiri au hukufikiri. Zamu 22 zikipita ghala ni tupu, na hapo ndipo mtaji unapoingia: huongezi tena, unazungusha zile zilizoko ubaoni.

Yule anayesema kesho hudhani bado hajacheza. Anaona mkono wake umefumbwa na kete zake zimo zote. Mwenzenu alipokuwa akiketi hapa kila asubuhi, kila siku moja ilitoka kete moja mkononi mwake, na ilitiwa penye shimo baya kuliko yote, kwa sababu hakulichagua. Siku zake 21 zilikwisha akiamini hajaanza.

Nimeliona hili kwa wengi, na nimeliona kwangu, na la kwangu ndilo baya zaidi.

Fundi aliyenifunza bao alikaa Kibokoni, hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Alikuwa mzee mkavu, mwenye kidole cha shahada kilichopinda kwa kazi ya useremala, na kete alizishika kwa vidole vitatu tu, akazidondosha shimoni bila mlio. Hakuzihesabu kwa macho. Aliweza kukugeuzia uso, akazungumza na muuza kahawa, kisha akakwambia zamu tatu zijazo utaangukia wapi. Alikuwa na njia zake za kunamua ambazo sijaziona kwa mtu mwingine tangu hapo. Nikaazimia niziandike. Nikanunua daftari la mistari, lile la jalada gumu, nikaandika kurasa nne: namua ya kwanza mpaka ya sita, ukianza wewe, na ukianza mwenzio. Ukurasa wa tano nikauacha. Kulikuwa na harusi. Kisha ukaingia Ramadhani. Kisha nikabadilishwa zamu bandarini. Kila nilipompita mzee aliniuliza, "Lile daftari?" nami nikajibu, "Juma lijalo, mwalimu." Hivyo, miaka saba.

Tulimzika Kikowani. Nilipomtia mchanga nilikuwa nafikiria ukurasa wa tano.

Miaka ile ile Mholanzi, Alex de Voogt, alivuka bahari akakaa na mabingwa wa bao Unguja, akawauliza, akawasikiliza, na mwaka 1995 akatoa tasnifu juu ya ubingwa wa mchezo huu. Sina kinyongo naye, alifanya kazi ya watu wazima. Lakini yeye alitoka Uholanzi. Mimi nilitakiwa kutoka mlangoni tu.

Daftari bado ninalo. Kurasa nne zimejaa, na zilizobaki ni nyeupe mpaka jalada.

Kuna na lile gogo. Mjukuu wangu wa kwanza alipozaliwa nilinunua gogo la mwembe nimchongee bao lake mwenyewe. Nikaliegemeza nyuma ya mlango wa ua likauke. Lilikauka, likapita kukauka. Mwaka jana mjukuu mwenyewe, sasa kijana wa kidato cha pili, alilisukuma kwa mguu likabomoka, ndani mchwa wamejenga mji. Hakusema kitu. Alichukua ufagio akaizoa ile chenga.

Jambo jingine mnalolikosea ni nyumba. Mmefunzwa kuilinda, na ni kweli, nyumba hulindwa. Unapokula, kete yako ya mwisho ikikomea nyumbani una hiari ya kulala, yaani kuishia hapo, au kwenda safari, yaani kuzitoa zote na kuzisambaza, na mara nyingi mwenye busara hulala. Lakini wapo wanaolala kila mara. Nyumba inanenepa, kete 12, kete 15, nao wanaitazama kwa mahaba. Kisha mwenzio anatia kete moja tu penye shimo linaloikabili, na zote zinakwenda. Kijana mmoja wa hapa ameweka akiba ya kununua cherehani ya pili tangu mwaka juzi. Fedha anazo. Anangoja bei ishuke, angoja wateja waongezeke, angoja kaka yake arudi. Juzi fedha zile zikaenda katika shida ya jamaa mmoja, shida ya siku moja. Simlaumu kwa kumsaidia jamaa. Namlaumu kwa kutokwenda safari siku nyumba yake ilipokuwa imejaa na njia i wazi.

Msinijibu kwa methali, "Haraka haraka haina baraka." Methali ile aliambiwa mtu aliyekwisha shika njia, apunguze mbio asijikwae. Nyinyi mnaitumia mkiwa bado mmeketi. Mbona hamkumbuki kuwa wazee wale wale walisema chelewa chelewa utampata mwana si wako? Mmechagua methali moja mkaifanya mto wa kulalia.

Na wageni wanaposema watu wa Pwani tumeumbwa na upole wa kuchelewa, msicheke nao. Ni uongo, na ni uongo unaotugharimu kazi. Bandari ya Kale pale chini iliishi kwa kuwahi. Jahazi zilikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na zilipaswa kurudi na kusi. Nahodha aliyekawia kupakia, akawa bado anabishana bei ya boriti wakati upepo umegeuka, alifungwa hapa mpaka msimu mwingine, akila mtaji wake mwenyewe. Babu zenu walijua siku za upepo kama mnavyojua ratiba za mpira. Watu wa namna hiyo hawakuwa na damu ya kesho.

Lakini nitakuwa dhalimu nikiwalaumu nyinyi peke yenu. Nani amewafunza neno kesho? Nilifuatilia karatasi ya kiwanja cha marehemu baba katika ofisi moja, sitaitaja. Nilirudishwa mara tisa. Mara ya tatu mwenye funguo amekwenda chai. Mara ya tano faili liko juu, mara ya sita liko chini. Mara ya nane binti mmoja dirishani aliniambia, "Mzee, njoo kesho," bila kuinua macho kwenye simu yake. Mtu mwenye muhuri anayesema njoo kesho anachota katika siku za mwenzie, na hakuna anayemdai. Kijana akiona hilo tangu kitambulisho cha kwanza mpaka hati ya shamba la babu yake, atajifunza kuwa leo haina thamani. Wenye madirisha na wanisikie nao: kila mnapomrudisha mtu bure, mnatuletea mkaaji mpya wa baraza.

Na sisi wazee tuna sehemu yetu. Tunapenda mtu wa kucheza naye. Kijana akiondoka tunamwita, "Unakimbilia wapi?" Mimi nimelisema neno hilo mara nyingi mno.

Mengine nitayataja upesi. Deni lilipwe siku fedha inapoingia. Mgonjwa atazamwe angali akikutambua. Simu ya mama isingoje uwe na fedha za kumtumia. Ukitaka kuposa, peleka wazee, na kama hutaki, mwambie msichana wa watu ukweli. Usianze mambo kumi. Katika mtaji, aliyebakiwa na kete moja moja kila shimo hawezi kucheza hata zikiwa nyingi, na anahesabiwa amefungwa. Wapo miongoni mwenu wenye kozi ya udereva nusu, kozi ya umeme nusu, na pikipiki iliyolipiwa nusu. Shikeni moja muijaze.

Sasa nawaambia nitakalofanya. Bao hili ni langu, mti wake nilirithi kwa baba. Kuanzia Jumatatu halitoki nje kabla ya Alasiri. Anayetaka kucheza asubuhi atafute bao jingine, na sitanuna.

Wewe mwenye bahasha: nimeuliza, kuna orodha nyingine inafunguliwa mwezi ujao. Jumatatu baada ya Alfajiri nitakuwa nimekaa kwenye ngazi za mlango wetu, nimevaa viatu. Njoo na cheti. Tutapitia penye fotokopi Mwembe Tayari, kisha kwa daktari, na nitakaa nawe kwenye foleni mpaka tupate risiti. Wakituambia turudi kesho, Jumanne nitakuwa ngazini vile vile.

Na yeyote kati yenu aliyewahi kuketi karibu na fundi wangu akiwa mtoto, akakumbuka hata namua moja ya mkono wake, aje jioni. Daftari nimeliweka chini ya bao, na kalamu iko ndani, ukurasa wa tano.

Mzee wenu wa baraza,
Mji wa Kale, Mombasa