Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa jicho la kifaranga

Ndugu wanachama habari zenu, poleni na majukumu. Upande wa fedha sina mengi, ada zimelipwa na mtunza hazina keshawatumia mahesabu. Mimi nataka niongelee lile tulilokubaliana mwezi wa kwanza, kwamba sisi walimu wa baiolojia tulisome mpaka tulielewe, yaani nyuzi za neva kwenye jicho la kifaranga aliyeko bado ndani ya yai zinajuaje pa kwenda.

Tuliweka mayai 30 kwenye inkubeta, ile mashine ya kuatamia mayai, umeme ukakatika usiku kucha yakaharibika yote, iliniuma sana. Awamu ya pili, siku ya 4 tukafungua dirisha dogo kwenye ganda, moyo unadunda na jicho limeshaanza kuwa jeusi, kubwa kweli ukilinganisha na kile kichwa, tukakaa kimya wote tunaangalia tu. Nyuzi zenyewe kwa hadubini yetu hazionekani mpaka zipakwe rangi maalumu, ila siku hizo hizo za kwanza ndo zinatambaa juu ya retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, kuelekea tundu moja tu la kutokea nyuma ya jicho, na ncha ya kila uzi ina kama vidole, inapapasa njia.

Zinachoshikia ni protini za kwenye uso wa seli. Miaka ya 1970 mwanasayansi Gerald Edelman na wenzake walichukua seli za retina ya kiinitete cha kuku wakatafuta kingamwili zinazozizuia zisishikane, ndo wakaipata NCAM, protini ya kunatisha seli, ambayo inashikana na NCAM ya seli jirani. Zipo pia protini nyingine za namna hiyo, L1 inayosaidia nyuzi ziende kwa mafungu, na kadherini ambayo bila kalsiamu inaachia. Kilichonigusa zaidi ni ule mnyororo mrefu wa sukari, asidi ya polisialiki, unaokaa kwenye NCAM na kuipunguzia kunata, kwenye kiinitete umejaa halafu unapungua kadiri mnyama anavyokua, manake uzi ukinata mno hausogei, usiponata kabisa hauna pa kushika. Darasani tunafundisha seli kushikana tu, kuachia tunakuruka, naomba mwakani tulirekebishe hilo jamani.

Mchango wa betri ya inkubeta unaendelea. Na mayai mleteni ya kienyeji, ya kuku wanaokaa na jogoo, yale ya dukani hayaangui.