Kaunti iseme sababu kabla ya kumwita wakili wa nje

Mhariri,

Kila ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali zinapotoka, madeni ya mawakili huwa miongoni mwa mambo yanayowatoa magavana jasho mbele ya kamati za Seneti. Wananchi wakisikia mabilioni yanatajwa, wengi husema kaunti zipigwe marufuku kuajiri mawakili wa kibinafsi, maadamu zina wanasheria wao wanaolipwa mshahara kila mwezi. Hasira hiyo naielewa. Lakini marufuku ya jumla yangewaumiza kwanza wale wale tunaotaka wasimame imara.

Sheria ya Afisi ya Wakili wa Kaunti ya 2020 inasema Wakili wa Kaunti huteuliwa na gavana, bunge la kaunti likiidhinisha. Huhudhuria vikao vya baraza la gavana na ndiye anayeitetea serikali yake mahakamani. Kwa kazi za kila siku, huyo anatosha. Mfanyakazi aliyefutwa akishtaki, mkataba wa kuzoa taka ukihitaji kupitiwa, mswada wa ada za soko ukitaka kuandikwa, kazi hiyo ni ya afisi yake. Kuikabidhi kampuni ya mawakili kutoka Nairobi ni kulipa mara mbili kwa kazi moja.

Hali ya kwanza inayohitaji wakili wa nje ni pale anayetaka ushauri anapovutana na gavana. Tazama bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imewakinga wanachama wake: hawaondolewi ila kwa kura za angalau asilimia 75 ya madiwani wote, tena kwa sababu zilizotajwa kwenye Katiba. Kinga hiyo iliwekwa ili bodi iweze kumwambia gavana hapana anapotaka watu wake waajiriwe kupitia mlango wa nyuma. Siku gavana atakapoikalia bodi hiyo kooni, ikatafute ushauri kwa nani? Kwa mwanasheria anayeketi naye katika baraza? Hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Bodi ikinyimwa wakili wake, asilimia 75 hiyo inabaki maandishi tu.

Bunge la kaunti nalo liko hapo hapo. Tangu madiwani wa Embu walipopiga kura kumbandua gavana wao Martin Wambora mwaka wa 2014, hadi Seneti ilipomwondoa Kawira Mwangaza wa Meru mnamo Agosti 2024, bunge ndilo linalobeba mashtaka hadi mbele ya maseneta. Haiwezekani likategemea afisi inayomshauri mshtakiwa.

Kuna hali ya pili, nayo huzungumzwa kidogo mno: kabla ya kutia saini jambo kubwa. Tumezoea kumkimbilia wakili mashuhuri baada ya kushtakiwa, ilhali madhara yalitendeka miaka mingi nyuma mezani. Chukua ardhi ya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, Loiyangalani, ekari 150,000. Lililokuwa Baraza la Kaunti ya Marsabit lilitoa ardhi hiyo ya jamii kabla ya ugatuzi kuja. Mnamo Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru ikaamua kwamba hatimiliki zake zilipatikana kinyume cha sheria, kwa kuwa taratibu za kuitenga ardhi ya jamii hazikufuatwa. Mvutano haukuishia hapo. Mkataba wa ukubwa huo, wenye wawekezaji wa kigeni upande wa pili, ndio unaostahili mtaalamu wa nje, naye aitwe wakati wino haujagusa karatasi.

Nje ya hali hizo mbili, sioni sababu.

Na hata sababu ikiwepo, bei isiachwe ijipange yenyewe. Kesi ya mali hutozwa kulingana na thamani ya kinachogombaniwa, kwa hivyo kiwanja cha mabilioni huweza kuzaa ada ya mamilioni hata kama hakuna shahidi aliyewahi kupanda kizimbani. Msajili wa mahakama anapokadiria bili ya wakili kwa mteja wake mwenyewe, huongeza nusu juu ya kile ambacho aliyeshindwa angelipa. Bili ikipita mwezi mmoja bila kulipwa, wakili anaruhusiwa kudai riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Mali ya kaunti haipigwi mnada, sheria inaikinga. Lakini wakili hurudi mahakamani kuomba amri ya kumshurutisha afisa mkuu wa fedha alipe, na akikaidi anaweza kufungwa kwa kudharau mahakama. Wakati huo wote riba inapanda, na anayeilipa ni mama mboga anayekata risiti ya soko kila asubuhi.

Mawakili siwalaumu. Wanadai haki yao. Sheria ya Mawakili inawaruhusu wakubaliane ada na mteja kwa maandishi, na makubaliano hayo yakiwekwa saini bili haiendi tena kwa msajili. Kwa nini basi afisa wa umma amkabidhi mtu kesi kwa barua isiyotaja hata shilingi moja?

Katika kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti nilichohudhuria wadini kwetu, kijitabu tulichogawiwa kilikuwa na mstari mmoja tu, "huduma za kisheria", na jumla pembeni. Mwanamke mmoja akauliza ni kesi zipi. Afisa akafungua kurasa mbele, akarudi nyuma, kisha akajibu kwamba orodha iko afisini. Hatukuiona.

Naomba madiwani wa kaunti zote 47, kabla ya kupitisha bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, wadai orodha hiyo: namba ya kesi, mahakama, jina la wakili, ada iliyokubaliwa kwa maandishi, na kumbukumbu za kikao kilichoeleza kwa nini wanasheria wa kaunti hawangeweza kuishughulikia. Idara isiyokuwa na orodha irudishiwe mstari wake bila pesa.

Mlipa ushuru wa kaunti