Piano haibebwi kwa nguvu za mabega pekee

Mheshimiwa Mhariri,

Katika toleo la juma lililopita mliwasifu vijana wa parokia moja ya hapa Lubumbashi ambao, wakati wa salongo, yaani kazi ya pamoja ya jamii, waliitoa piano kubwa yenye mkia katika ukumbi unaobadilishwa paa na kuipeleka depo (ghala) hadi kazi itakapokwisha. Bidii yao inastahili pongezi. Hata hivyo, picha mliyochapa inaonyesha piano hiyo ikiwa imesimama juu ya miguu yake mitatu ndani ya lori, imefungwa kwa plastiki kila upande, na yeyote anayekijua chombo hicho hawezi kuitazama bila hofu.

Piano ya namna hiyo, hata iliyo ndogo, huweza kupita kilo 250, na zile za kumbi za tamasha hukaribia kilo 500. Sehemu kubwa ya uzito huo ni fremu ya chuma cha kalibu inayohimili mvuto wa nyuzi zaidi ya 200, mvuto ambao kwa jumla unaweza kukaribia tani 20. Chuma hicho ni kigumu lakini hakipindiki. Kikipigwa vibaya hupasuka, na ijapokuwa mji wetu hauna upungufu wa mafundi wa kuchomelea, ufa wake hauzibwi kama wa geti la nyumba. Miguu nayo imeundwa kubeba mzigo unaoshuka wima. Lori likiingia shimoni, mzigo huo husukuma kwa ubavu, na mguu mmoja ukivunjika piano yote huanguka.

Ndiyo maana wenye ujuzi hawaisafirishi ikiwa imesimama. Hufunga kifuniko cha vibonye, huondoa kifuniko kikubwa na fremu ya pedali, kisha, watu wa kutosha wakiwa wameishikilia, hufungua mguu wa mbele wa kushoto na kuiteremsha polepole ilale kwa ule ubavu wake mrefu ulionyooka, juu ya ubao imara uliotandikwa blanketi. Baada ya hapo ndipo hufungua miguu miwili iliyobaki, huizungushia piano blanketi nyingine na kuikaza kwa mikanda. Skrubu zote hutiwa katika mfuko mmoja, na kila mguu huwekwa alama ya mahali ulipotoka.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni depo. Ubao wa sauti, yaani ule unaokuza mlio wa nyuzi, ambao kwa kawaida ni wa mti wa jamii ya msonobari na ni mwembamba mno, huvimba hewa inapokuwa na maji na hunywea inapokauka. Piano hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60, tena usiobadilika ghafla. Sisi tuna kiangazi kikavu kuanzia Mei hadi Septemba, halafu mvua zinakuja kwa kishindo. Chini ya paa la mabati, ambako mchana ni joto la tanuri na usiku wa Juni ni baridi, mabadiliko hayo huongezeka: ubao unaweza kupasuka na vigingi vinavyokaza nyuzi vikalegea. Plastiki inayodhaniwa kuwa kinga hufungia unyevu ndani, nyuzi zikashika kutu. Afadhali shuka nene la pamba linalopitisha hewa.

Ningependelea chumba chenye dari ndani ya nyumba ya mapadri, hata kikiwa kidogo, kuliko depo kubwa. Piano iwekwe mbali na dirisha na ukuta wa nje, juu ya mbao wala si juu ya saruji tupu, na asiwepo wa kupanga viti vya kwaya juu yake. Panya na nondo wachunguzwe mara kwa mara, kwa kuwa nyundo zinazopiga nyuzi zimevikwa sufu na wadudu huipenda. Nimesikia pia ushauri wa kulegeza nyuzi ili piano "ipumzike". Ushauri huo haufai, kwa sababu fremu na ubao vimezoea mvuto huo, na kuuondoa huvuruga kila kitu.

Ukumbi utakapokuwa tayari, fundi wa kurekebisha sauti asiitwe siku ileile. Piano ipewe wiki mbili au tatu izoee hewa ya mahali pake, la sivyo kazi ya fundi italegea kabla ya mwezi kwisha na parokia italipa mara mbili.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa muziki, Kamalondo, Lubumbashi