Barua kwa mwanangu kabla hajaenda kwenye tathmini ya mahakama

Mwanangu mpenzi,

Ile karatasi ya mahakama uliyoiacha mezani nimeisoma mara nne. Umeikunja na kuikunjua mpaka mstari wenye tarehe umeanza kufutika, nikajua hulali. Jana uliniuliza, "Mama, wanakwenda kunipima wazimu?" Nikashindwa kukujibu, machozi yalikuwa karibu. Nakujibu leo.

Hakimu anataka kujua pombe na bangi vimekufikisha wapi, na kama kuna huzuni, hofu au jambo jingine la akili linalokwenda sambamba navyo. Atakayekuona anaweza kuwa mwanasaikolojia, mshauri wa uraibu au daktari wa akili. Ila shika hili: huyo si tabibu wako. Tabibu wako hutunza siri zako, huyu anaandika ripoti ya kupeleka mahakamani. Kabla hujatia saini fomu yoyote, muulize ripoti itasomwa na nani. Na kuhusu tukio lenyewe la kesi, ongea kwanza na wakili wako.

Mazungumzo huchukua saa moja au mbili, pengine zaidi. Ataanza mbali: utoto wako, shule, kazi, maradhi, nani katika ukoo alisumbuliwa na ulevi. Mtaje babu yako. Usimfiche kwa ajili yangu. Kisha huja madodoso. Lile la pombe la Shirika la Afya Duniani, AUDIT, lina maswali 10 na alama hufika 40. Kuanzia 8 huhesabiwa kuwa unywaji umeanza kuleta hatari. Lile la huzuni, PHQ-9, linauliza habari za wiki mbili zilizopita, na swali lake la 9 ni kama umepata kuwaza kwamba afadhali ungekufa, au kujidhuru. Kama jibu ni ndiyo, mwanangu, sema ndiyo. Hata kama mengine yote yatakushinda kuyasema, hilo liseme. Anaweza pia kukutajia maneno matatu na kukuuliza tena baada ya dakika chache, au akwambie uhesabu kurudi nyuma kutoka 100 ukipunguza 7 kila mara. Usione unadharauliwa, anaangalia kumbukumbu na utulivu wa akili.

Mkojo huenda ukachukuliwa, na pengine mtu atasimama karibu nawe. Ni aibu ya dakika mbili. Najua wenzako wamekushauri unywe maji mengi. Maabara hupima kreatinini, taka ya mwili inayotoka na mkojo, na mkojo uliozimuliwa kwa maji hujulikana. Bangi kwa anayevuta kila siku inaweza kuonekana hata wiki nne baada ya kuacha, kwa hiyo ukisema hujaigusa miezi kadhaa mkojo utakusuta. Dawa zako zote, hata za mafua, zichukue na pakiti zake, kwa maana baadhi huchanganya kipimo cha kwanza. Ukiona majibu si ya kweli, omba kipimo cha kuthibitisha.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Usikate pombe ghafla wiki hii ili uonekane msafi. Jumapili asubuhi niliona mkono wako, kikombe kikigongagonga kisahani kabla hakijafika mdomoni. Aliyezoea kunywa kila siku akiacha kwa mkupuo, arosto ya pombe inaweza kumwangusha kwa degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne akachanganyikiwa na kuona vitu ambavyo havipo. Watu hufa kwa hilo. Kesho twende kwa daktari akupangie namna ya kuacha. Na usiku wowote ukiona jasho linakutiririka na mwili wote unatetemeka, niamshe.

Kuna jambo jingine. Mtathmini huwatafuta pia watu wa karibu, kwa hiyo ukiridhia, atanipigia simu. Nitasema kweli. Nitaeleza ulivyomlea mdogo wako nilipolazwa, ukimpikia na kumfulia bila kuambiwa. Nitaeleza pia usiku ule ulipovunja mlango. Huenda ukaona nimekugeuka. Lakini miaka mitatu nimekuwa nikiwadanganya bosi wako na shangazi zako, nasema una malaria, na kila uongo wangu ulikununulia mwezi mwingine wa kunywa. Nimeona bora uyasikie kwangu kabla hujayakuta kwenye ripoti.

Mwisho wa ripoti huwa na mapendekezo. Pengine hakuna tiba inayohitajika, pengine masomo mafupi, ushauri nasaha kila wiki, au kulazwa. Uamuzi ni wa hakimu. Ukipangiwa tiba nitakwenda nawe mpaka mlangoni kila mara, ukitaka.

Karatasi nimeinyoosha, nimeitia kwenye bahasha pamoja na kitambulisho chako na pakiti za dawa. Iko juu ya kabati.

Mama yako